Deni la Msemaji: Swali, Jibu na Kutojua katika Mikutano ya Nakivale na Mbarara

Mtu anaposimama mbele ya hadhara akaeleza jambo, awe afisa, mhubiri, mtafiti au mwalimu, huwa ameushika mkutano mkononi kwa muda wote anaosema, kwa kuwa ndiye anayechagua la kutangulia na la kufuata, la kutajwa na la kuachwa. Lakini mwenyekiti anapouliza kama kuna maswali, mamlaka hayo hukatika, na msemaji hujikuta amekabiliwa na jambo ambalo hakulichagua. Vitabu vinavyofundisha ufasaha hukichukulia kipindi hiki kuwa uwanja wa ustadi: namna ya kumshukuru muulizaji, namna ya kulirudia swali ili wote walisikie, namna ya kumkatiza mwenye maneno mengi bila kumvunjia heshima. Ustadi huo una faida yake, na hapa hautabezwa. Ila chini yake kuna suala la zamani zaidi, ambalo dini na falsafa zimehangaika nalo kwa karne nyingi, nalo ni kwamba aliyesema mbele ya watu ana wajibu gani kwa swali la aliyemsikiliza, na ni wakati gani kukiri kutojua kunatosha kuwa jibu.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, ni mahali panapofaa sana kulipimia suala hili. Makazi hayo, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, na ambayo huhesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika, leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na nchi nyingine, waliotawanywa katika vijiji vya kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo. Humo Kiswahili, hasa kile kilichovuka mpaka pamoja na Wakongo, ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kanisani na kwenye foleni ya bomba. Tena humo mikutano haiishi. Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo wakazi wote huiita OPM na ndiyo inayosimamia mambo ya wakimbizi kwa niaba ya serikali ya Uganda, huitisha mikutano yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, huitisha yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na mashirika yanayoshughulikia afya, maji, elimu na mikopo, hufanya vivyo hivyo, kupitia kamati za ustawi wa wakimbizi, maarufu kama RWC, ambazo ni uongozi unaochaguliwa na wakimbizi wenyewe kuanzia ngazi ya kijiji hadi ya makazi yote.

Mkutano wa namna hiyo una sura yake. Viti vichache vya plastiki huwekwa chini ya mti kwa ajili ya wageni, wazee hupewa mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na waliobaki huketi juu ya vitenge, juu ya madumu ya maji yaliyolazwa ubavu, au husimama nyuma huku wameshika baiskeli zao. Mgeni husema kwa Kiingereza, mkalimani husema kwa Kiswahili, na pembeni mtu mwingine huwanong'oneza kikundi chake kwa Kirundi au kwa Kisomali. Maelezo huchukua saa nzima na zaidi, kwa kuwa kila neno linasemwa mara mbili au tatu. Na maswali yanapofunguliwa jua limekwisha kupinda, dereva amekwisha kuligeuza gari, na wageni wanaanza kutazama saa zao kwa sababu inawapasa kufika Mbarara, mji ulio kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo, kabla ya giza. Hivyo maswali hupewa dakika zilizobaki, na mara nyingi dakika zilizobaki ni chache.

Ili kuelewa kwa nini dakika hizo zina uzito, ni lazima kukumbuka kwamba mkimbizi, kwa hadhi yake ya kisheria, ni mtu wa kuulizwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 iliunda Kamati ya Ustahiki, ambayo ni chombo cha kuamua kama mwombaji anastahili kutambuliwa kuwa mkimbizi. Na yule asiyetambuliwa kwa pamoja na kundi la wenzake hupita katika mahojiano ambamo huulizwa alitoka kijiji gani, alipita njia ipi, nani alimfukuza na saa ngapi. Mwaka 2018 serikali na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima upya kwa alama za vidole na picha za macho, baada ya tuhuma kwamba idadi zilikuwa zimevimbishwa, na watu walirudi tena kwenye meza ya maswali. Anayetarajia kuhamishiwa nchi ya tatu huulizwa mambo yaleyale mara nyingi, na majibu yake hulinganishwa. Katika meza hizo zote kusema "sijui" au "nimesahau" ni hatari, kwa kuwa mtu asiyekumbuka tarehe aliyouawa ndugu yake huweza kuonekana mwongo. Kipindi cha maswali mwishoni mwa mkutano ni karibu mahali pekee ambapo utaratibu huo hugeuzwa, mwenye kuulizwa siku zote akawa muulizaji, na mwenye fomu akatakiwa ajieleze. Haishangazi basi kwamba msemaji aliyezoea meza ile huona vigumu kukaa upande wa pili wake.

Wajibu wa kujibu unatoka wapi? Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, alimfanya Socrates ayalalamikie maandishi kwa sababu hayawezi kuulizwa: ukiyasemesha hukaa kimya, au hurudia yaleyale yaliyokwisha kusemwa. Kilichomsumbua ni kwamba maneno yasiyoweza kuulizwa hayana mtu wa kuyasimamia. Mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, aliifikisha hoja ya jinsi hiyo vijijini kwa njia yake mwenyewe. Katika utafiti alioutoa kama kitabu mwaka 1990 chini ya jina Sage Philosophy, alikwenda kwa wazee wenye sifa ya hekima akawahoji, na akatofautisha aina mbili za wenye hekima: yule anayeijua mila ya watu wake na kuieleza vizuri, lakini akisukumwa kwa maswali hurudi palepale kwenye mila, na yule ambaye swali humfanya afikiri, akaipima mila yenyewe, akatoa sababu zake. Kwa Oruka, hotuba peke yake haikuweza kuwatenganisha wawili hao, kwa kuwa wote wawili wangeweza kuwa wasemaji hodari. Kilichowatenganisha ni swali. Kutokana na hayo inafuata kwamba msemaji anayelikimbia swali hajaunyima mkutano taarifa tu, bali amejinyima mwenyewe uthibitisho kwamba alilolisema ni lake.

Kwa hiyo ni haki kusema kwamba kila wasilisho hufungua deni. Msemaji amechukua muda wa watu na usikivu wao, na katika mazingira kama ya Nakivale amechukua pia siku ya kazi ya mtu ambaye angekuwa shambani. Na alichoahidi kwa kusimama pale ni kwamba ana jambo la kweli la kusema. Swali ni mwenye kudai anapokuja mlangoni. Ila deni hili lina tabia ya pekee, nayo ni kwamba wakati mwingine mdaiwa hana kitu mfukoni, na hapo ndipo dini mbili zenye wafuasi wengi katika makazi, Ukristo na Uislamu, zina mengi ya kufundisha.

Katika Hadithi mashuhuri ambayo wanazuoni huiita Hadithi ya Jibrili, mgeni mwenye nguo nyeupe alimjia Mtume Muhammad mbele ya masahaba, akamuuliza kuhusu Uislamu, imani na ihsani, na kila alipojibiwa akathibitisha kwamba jibu ni la kweli, jambo lililowashangaza waliokuwapo, kwa kuwa anayeuliza kwa kawaida hajui. Alipouliza kuhusu Saa, yaani siku ya kiyama, Mtume alijibu kwamba yeye hana ujuzi zaidi wa jambo hilo kuliko muulizaji. Baadaye masahaba waliambiwa kwamba mgeni yule alikuwa malaika aliyekuja kuwafundisha dini yao, na mafundisho hayo yalipitia katika maswali, likiwamo lile moja ambalo halikupata jibu. Katika Injili ya Marko, sura ya 13, Yesu naye anapoulizwa na wanafunzi kuhusu mambo ya mwisho, anasema kwamba siku ile na saa ile hakuna anayeijua, hata malaika, hata Mwana, ila Baba. Hivyo jambo lilelile ambalo wasikilizaji wa kila zama wametamani zaidi kulijua, yaani lini, ndilo ambalo walimu wakuu wa dini hizi mbili walikiri mbele ya wasikilizaji wao kutolijua au kutopewa, na masimulizi hayo hayaonyeshi kwamba heshima yao ilipungua. Wanazuoni wa Kiislamu waliifuata njia hiyo. Inasimuliwa kwamba Imamu Malik bin Anas wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alijiwa na mtu aliyesafiri kwa miezi na swali alilotumwa na watu wa kwao, akamwambia kwamba halijui jibu lake. Na yule mtu alipouliza akawaambie nini waliomtuma, Malik alimwambia awaambie kwamba Malik hajui.

Lakini kuna kutojua kwa aina nyingine, na Injili ya Mathayo inakuonyesha waziwazi katika sura ya 21. Wakuu wa makuhani walipomuuliza Yesu anafanya mambo yake kwa mamlaka gani, naye akawauliza ubatizo wa Yohana ulitoka mbinguni au kwa wanadamu, walishauriana kwanza: wakisema ulitoka mbinguni wataulizwa mbona hawakumwamini, na wakisema ulitoka kwa wanadamu watawaogopa watu. Mwisho wakajibu kwamba hawajui. Jibu hilo, kwa umbo lake, halitofautiani na la Malik. Kwa asili yake ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa Malik alitazama ndani ya elimu yake asione kitu, na makuhani walitazama nyuso za watu wakaona hatari. Anayesikiliza hana chombo cha kuyatofautisha majibu hayo mawili kwa sauti. Atayatofautisha kwa kinachofuata: kama aliyesema hajui anakwenda kutafuta, au anafunga daftari.

Hapa suala la Nakivale linakuwa gumu kuliko la Madina. Malik alipokiri kutojua alikuwa anajisemea mwenyewe. Afisa anayesimama chini ya mti husema kwa niaba ya ofisi, na ofisi inaweza kujua jambo ambalo yeye hajui, au inaweza kuwa na wajibu wa kulijua hata kama hakuna mtu ndani yake aliyejisumbua kulijua. Mwaka 2023 WFP, kwa upungufu wa fedha, ilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji: la kwanza likapata sehemu kubwa zaidi ya mgao, la pili nusu ya sehemu hiyo, na la tatu likaondolewa kabisa katika orodha ya chakula. Mama aliyejikuta katika kundi la tatu, akasimama mkutanoni na kadi yake mkononi kuuliza ni kipimo gani kilichomweka humo ilhali jirani yake mwenye duka yumo katika la pili, anauliza jambo lenye jibu. Jibu liko mahali fulani, katika kanuni iliyoandikwa na mtu. Afisa wa uwandani akimwambia "sijui, mama", anaweza kuwa anasema kweli tupu kuhusu nafsi yake, na papo hapo ofisi iliyomtuma ikawa inasema uongo kupitia kinywa chake, kwa kuwa taasisi iliyotoa uamuzi haiwezi kudai kwamba haijui sababu za uamuzi wake. Huu ndio mpaka ambao maadili ya zamani ya mwalimu mnyenyekevu hayakulazimika kuuchora. Unyenyekevu wa mtu mmoja mmoja ni fadhila. Unyenyekevu wa taasisi kuhusu kanuni zake yenyewe ni njia ya kukwepa. Kutojua kwa afisa hakuwi jibu mpaka kuambatane na mambo mengine mawili, yaani jina la anayejua na siku ya kurudi.

Swali la lini lina sura nyingine tena. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha kwa amri mpango wa nchi yake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimekwisha kuhojiwa, kupimwa afya na hata kuuza vyombo vya ndani zilibaki zilipokuwa. Aliyeuliza katika mwaka huo safari zitafunguliwa lini, aliuliza jambo ambalo hakuna ofisi yoyote ndani ya makazi iliyoweza kulijua. Hapo "sijui" ya kweli ilikuwa ndiyo jibu lote, na kosa lilikuwa kwa yule aliyeongeza tumaini la kubuni ili mkutano uishe kwa makofi. Msemaji mwenye huruma hushawishika sana kufanya hivyo, na huenda hakuna uongo wa mkutanoni unaosameheka upesi kuliko huu wala unaodumu kuliko huu, kwa sababu mtu aliyeambiwa "mwaka huu, Mungu akipenda" hupanga maisha yake juu ya neno hilo.

Jina la Mungu, kwa kweli, hutajwa sana katika kipindi cha maswali, wala si vibaya lenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu wana desturi ya kuifunga fatwa, yaani jibu la kisheria kwa swali la mwumini, kwa kusema "Wallahu aalam", kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Na Mkristo naye ana "Mungu anajua". Ila mahali pa maneno hayo ni mwisho wa kazi. Mwanachuoni huyaandika baada ya kutafuta dalili, kuzipima na kutoa hukumu, kama kukiri kwamba juhudi yake ni ya kibinadamu na inaweza kukosea. Yakiletwa mwanzoni, badala ya kazi, huwa ni kufuli. Kiongozi wa dini anayeulizwa na vijana kwa nini fedha za sadaka hazikusomwa, akajibu kwamba Mungu anajua, amesema kweli isiyopingika na hajajibu kitu. Kwani hakuulizwa Mungu anajua nini, aliulizwa mweka hazina ameandika nini.

Na bado kuna maswali ambayo kuyajibu kwa taarifa ni kutoyasikia. Mtu aliyepoteza watoto katika vita vya mashariki ya Kongo anaweza kusimama katika mkutano unaohusu usafi wa vyoo akauliza kwa nini haya yaliwapata wao. Umbo ni la swali, lakini ndani yake ni maombolezo, na anayeanza kumweleza historia ya vikundi vya waasi wa Kivu amekosea mlango. Kitabu cha Ayubu kimejengwa juu ya kosa hilo. Marafiki wa Ayubu walikuwa na jibu kwa kila alilouliza, jibu lenye mantiki na lenye kumtetea Mungu, na mwishoni, katika sura ya 42, ni wao wanaokemewa kwa kutosema yaliyo sawa, huku Ayubu, aliyeuliza na kulalamika, akihesabiwa kuwa amesema sawa. Mungu mwenyewe alipomjia Ayubu hakutoa maelezo ya sababu. Alimjia na maswali, na Ayubu alinyamaza si kwa kuwa ameshindwa hoja pekee, bali kwa kuwa hatimaye amejiwa. Katika hali kama hiyo kipimo cha msemaji ni kama anaweza kunyamaza kidogo mbele ya watu bila kuona haya, akamwita mzee kwa jina lake, akakubali kwamba mkutano wa vyoo usubiri.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko upande wa pili, na haizungumzwi vya kutosha. Ni rahisi sana kulifanya swali la haki liwe maombolezo. Mama wa kundi la tatu anauliza kipimo, naye anajibiwa kwa pole: kwamba hali ni ngumu dunia nzima, kwamba tuvumilie, kwamba mtumishi wa Mungu atuombee. Sauti inakuwa laini, vichwa vinatikiswa kwa huzuni, na swali limezikwa kwa heshima zote. Marafiki wa Ayubu walimpa aliyeomboleza hoja. Hapa anayedai hoja anapewa faraja, na kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu haliwezi kulaumiwa kirahisi: nani atasimama kumpinga aliyetoa pole?

Katikati ya hayo yote yupo mkalimani, ambaye vitabu vya ufasaha humtaja kwa nadra, na ambaye Nakivale haiwezi kufanya mkutano bila yeye. Mara nyingi ni kijana mkimbizi, anayelipwa kwa siku na kutarajia kuitwa tena. Swali la dakika tatu, lenye jina la afisa fulani, tarehe aliyoahidi na maneno aliyoyatumia, hutoka upande wa pili kama sentensi moja ya Kiingereza iliyo safi: wanauliza kuhusu chakula. Pengine ni uchovu, pengine ni hofu, pengine ni adabu, kwa sababu alilelewa kutomwambia mgeni neno kali usoni. Katika mafundisho ya amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu akifikishe bila kukipunguza, neno la mwingine ni miongoni mwa vitu hivyo. Lakini haiwezekani kumtwisha kijana wa kibarua mzigo wote wa amana hiyo huku msemaji akifurahia upole wa swali lililomfikia. Anayeona watu mia wameguna wakati swali likiulizwa, kisha akaletewa sentensi ya maneno manne, ana wajibu wa kuuliza nini kimebaki njiani.

Watu wa Nakivale, kwa upande wao, wana sababu za kuupima mkutano kwa tahadhari. Julai 2010 Wanyarwanda walioomba hifadhi waliitwa kukusanyika, kwa maelezo kwamba watapewa majibu ya maombi yao. Mahali pa majibu walikuta malori na askari, wakapakiwa kurudishwa Rwanda, kiasi cha watu 1,700 kutoka Nakivale na makazi ya Kyaka, na UNHCR ikalilaumu tendo hilo hadharani. Mkutano ulioitishwa kwa ahadi ya jibu ukatumika kufunga midomo. Kumbukumbu ya namna hiyo hukaa katika makazi hata baada ya waliohusika kuondoka, na anayekuja leo na bango lake la afya ya uzazi huenda asijue kwa nini safu ya nyuma haikai chini.

Ukiondoka huko ukapanda hadi Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, sura ya swali hubadilika. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, una Chuo Kikuu cha Bishop Stuart cha Kanisa la Uganda, una kanisa kuu la Kianglikana huko Ruharo na la Kikatoliki huko Nyamitanga. Ni mji wa semina, warsha na mihadhara. Utafiti mwingi uliofanywa makazini huwasilishwa katika kumbi kama hizi, kwa Kiingereza, kwa picha za michoro ukutani, na maswali yanayofuata yana adabu yake: muulizaji hujitambulisha kwa cheo, humpongeza msemaji, kisha hueleza kwa kirefu anachokijua yeye, na alama ya kuuliza huja mwishoni kama nyongeza. Swali la ukumbini huwa na hatari ndogo kwa pande zote mbili. Msemaji akikiri kwamba sampuli yake ilikuwa ndogo, hilo litaandikwa kuwa mpaka wa utafiti na atasifiwa kwa uaminifu wake.

Asiyekuwapo ukumbini ni yule aliyezungumziwa. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliita dhuluma ya kielimu ile hali ya mtu kupunguziwa uzito wa neno lake kwa sababu ya kundi analotoka. Na mfano wake wa kawaida ni shahidi asiyeaminiwa. Kwa Nakivale inafaa kuongeza kwamba mtu huweza kuaminiwa kabisa kama shahidi, majibu yake yakaingizwa katika jedwali, na bado akanyimwa nafasi ya kuwa muulizaji wa kile kilichotengenezwa kwa maneno yake. Kama wasilisho ni deni, basi anayedai wa kwanza ni aliyetoa mali, na profesa wa safu ya mbele anakuja baada yake. Inaweza kupingwa kwamba mkimbizi wa Rubondo hataelewa mchoro wa takwimu. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyeandikwa katika mchoro kwamba "anapata milo miwili kwa siku" ana uwezo wa kuuliza mlo ulihesabiwaje, na swali hilo lina uzito kuliko mengi yanayoulizwa ukumbini.

Si kila swali, bila shaka, linaulizwa kwa nia ya kujua. Katika mihadhara ya mlingano wa dini iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo walikabiliana viwanjani kwa Biblia na Kurani, swali lilitegwa kama mtego, na umati ulishangilia aliyenaswa. Mtego huo upo makazini pia. Hata hivyo swali la mtego bado lina wasikilizaji wengine mia wanaolisikia kwa nia safi, na kujibiwa kwake ni haki yao hata kama muulizaji mwenyewe amekwisha kuipoteza.

Vyuo vya Ulaya ya karne ya 13 vilikuwa na utaratibu ambao unastahili kuangaliwa. Katika Chuo Kikuu cha Paris, nyakati za Majilio na Kwaresima, mwalimu wa teolojia aliweza kufungua mjadala uitwao kwodilibeti, ambamo yeyote aliyehudhuria aliruhusiwa kuuliza lolote alilotaka. Thomas wa Aquino aliendesha mijadala hiyo, na katika mmoja wao aliulizwa kama mwalimu ajibu kwa kutaja wakubwa au kwa kutoa sababu. Akasema kwamba akitaja wakubwa tu, msikilizaji atakuwa na hakika kwamba jambo liko hivyo, lakini ataondoka mtupu, bila kuelewa. Kilicho muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba mjadala haukuisha siku ileile. Hoja zilikusanywa, zikaachwa, na mwalimu alirudi siku nyingine kutoa uamuzi wake juu ya kila moja. Kurudi kulikuwa sehemu ya utaratibu, na hakukuachiwa wema wa mwalimu.

Makazini kurudi ndiko kunakokosekana. Miradi huishi mwaka mmoja au miwili, wafanyakazi huhamishwa, na anayekuja baadaye husema kwa ukweli kabisa kwamba ahadi ile aliitoa mtangulizi wake. Sheria ya mirathi ya Kiislamu ina kanuni iliyo wazi hapa: deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana chochote, kwa kuwa kifo cha mdaiwa hakiliui deni. Ofisi inayorithi gari, kompyuta, orodha ya wanakijiji na jina jema la mradi uliotangulia haiwezi kudai kwamba maswali hayamo katika urithi huo. Kwa hiyo afisa mgeni anayefika Juru kwa mara ya kwanza angepaswa kuanza mkutano kwa maswali ya mkutano uliopita kabla ya kufungua bango lake, na jambo hilo litawezekana iwapo tu maswali yameandikwa, kwa maneno ya waulizaji wenyewe na si kwa muhtasari wa mkalimani, katika daftari linalobaki kwa mwenyekiti wa RWC kijijini wakati gari linaporudi Mbarara.